Mchezo wa Mulongo

Rafiki yangu alinikabidhi ufunguo wa stoo ya shule mchana mmoja wa joto, vumbi likiwa limesimama hewani kana kwamba limesahau kuanguka. Tulikuwa Likasi. Kwenye makaratasi ya wakati ule mji uliitwa kwa jina la Mzungu, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeuita hivyo. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo na kujitangaza nchi, ina bendera yake na stempu zake, nasi wasichana wa sekondari tuliendelea kukariri mito ya Ulaya.

Rafiki yangu alinizidi mwaka mmoja. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi chetu cha maigizo, na ndiye aliyeandika gazeti la ukutani, karatasi moja kubwa ya maandishi ya mkono iliyotundikwa kila Jumapili kwenye ubao wa mlango wa kanisa. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Baba yake alikuwa karani katika mji huu tangu kabla yeye hajazaliwa, ila mwaka ule wa pili wa utengano watu wa Kasai walikuwa wameanza kuitwa wageni. Kila juma nyumba nyingine ya mtaani ilifungwa, mlango ukapigwa misumari.

"Kesho lori inatubeba mpaka Elisabethville," aliniambia. "Kisha sijue. Weye njo utabaki na hii sanduku."

"Minye? Minye sijue kuongoza bantu."

"Hata minye sikujuaka. Utajifunza mu kazi."

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na joho la mfalme lililoshonwa kwa pazia, taji la karatasi, chupa mbili za wino, na ndevu za katani za kuvaa wale walioigiza wazee. Alinionyesha namna ya kuzikunja zile ndevu ili zisivunjike. Hakulia, wala mimi sikulia. Tulikaa tukikunja ndevu mpaka king'ora cha kiwanda kikalia, akasema mama yake anamngoja. Nilimtazama akivuka uwanja. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba miguu yake haikuonekana kugusa ardhi, na leo nikiulizwa alivaa viatu au la, siwezi kuapa.

Ndivyo nilivyopata uongozi. Sikuchaguliwa na mtu, nilibakizwa.

Mwaka wa kwanza niliandika mambo yasiyo na mwiba: sikukuu za watakatifu, matokeo ya mpira, methali moja chini ya ukurasa. Kabla ya kutundikwa, gazeti lilisomwa na mtawa aliyetufundisha Kifaransa, ambaye tulimwita Mamere kama tulivyowaita watawa wote. Alikuwa mrefu, ana miwani ya duara, na alisoma akifuata kila mstari kwa kidole kama mtu anayetafuta chawa. Hakupata chawa hata mmoja mwaka mzima. Kulikuwa na mapigano upande wa mji, tukafungiwa ndani siku kadhaa tukisikiliza milio ya mbali. Tulipotoka, niliandika habari za mpira. Sikuandika hata kwamba rafiki yangu ameondoka.

Nilikuwa msichana wa ndoto nyingi. Asubuhi moshi wa kiwanda ulishuka ukafunika mitaa yetu, ng'ambo ya reli, na watu waliokuja mbele yako waliumbika polepole, kwanza kichwa, kisha mikono, kisha salamu. Mwezi wa kumi, mijakaranda ya mji wa Wazungu ilichanua, maua ya zambarau yakaanguka barabarani mpaka lami ikapotea. Nilikwenda shuleni nikikanyaga maua hayo na kujiona niko mahali ambapo hapajapewa jina. Baba, aliyekuwa fundi wa mabomba kiwandani, alisema nina masikio ya kusikia na macho ya kulala.

Yaliyoniamsha macho ni maji.

Mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata, nilipokuwa na miaka kumi na sita, robine za mtaani zilikauka. Robine ndilo jina letu la bomba la maji la barabarani, ambalo kila mtaa ulikuwa nalo moja au mawili. Moja lilianza kukohoa upepo, jingine likafuata, hadi likabaki moja tu mwisho wa barabara yetu, likitoa maji membamba kama uzi. Kina mama walipanga mulongo, yaani foleni, kabla jua halijachomoza. Nilisimama humo na mama yangu, ndoo mbele yetu, na mulongo ulisogea taratibu kiasi kwamba niliweza kusinzia wima, nikaota, nikaamka, na kukuta bado nakitazama kisogo kilekile. Kisha nilikwenda shuleni kupitia mji wa Wazungu, na huko mipira ya kumwagilia ilikuwa ikizunguka juu ya nyasi za bustani, ikirusha matone kwenye jua. Matone yalikuwa mazuri sana. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba yalikuwa mazuri.

Niliandika nilichokiona. Sikumtukana mtu. Niliandika kwamba Jumatatu alfajiri, kwenye robine ya barabara yetu, nilihesabu ndoo na masufuria themanini na tatu. Kwamba mama mmoja mwenye mimba aliketi juu ya ndoo yake hadi zamu ikamfikia. Na kwamba saa moja na nusu, njiani kwenda shuleni, nilikuta bustani nne zikinyunyiziwa. Nikampelekea Mamere.

Alisoma kwa kidole. Alipofika mwisho alivua miwani, akanitazama kwa macho madogo ambayo sikuwa nimewahi kuyaona bila vioo.

"Hizi ndoo umezihesabu mwenyewe?"

"Ndiyo, Mamere."

"Na bustani?"

"Ndiyo, Mamere."

Akasahihisha kosa moja la tahajia, akanirudishia.

Jumapili watu walijaa mbele ya ule ubao kuliko siku yoyote. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Nilisimama nyuma ya nguzo, nikisikia maneno yangu yakitoka katika vinywa vya watu wengine, na yalisikika kama yaliandikwa na mtu mzima. Adhuhuri karatasi haikuwapo. Jumatatu mjumbe alikuja nyumbani: shefu wa mtaa ananiita, nije na baba.

Baba alivaa kofia yake ya Misa. Shefu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, na karatasi yangu ilikuwa juu ya meza yake, imekunjwa vizuri mara nne. Nilitarajia ukali, lakini alionekana amechoka tu.

"Mutoto yako iko na akili," alimwambia baba. "Lakini hii inchi ingali changa. Wakati huu, maneno ya mayi inakuwa maneno ya politike. Muntu wa juu akisoma, hataita huyu mutoto. Ataita minye."

"Nasikia, bwana shefu," baba akasema.

"Gazeti inalala kwanza. Na ile mchezo ya wasichana, ya sikukuu ya parokia, nataka kusoma maneno yake yote mbele."

"Nasikia, bwana shefu."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimwona baba akitafuna ndani ya shavu kama afanyavyo anapotazama mtambo uliokwama, nikajua nimemwaibisha. Tulipofika relini alisimama.

"Ulihesabu muzuri?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Ulisahau robine ya nyuma ya soko. Ile nayo imekauka, tangu Alhamisi."

Tulivuka reli.

Sikukuu ya parokia ilikuwa imebakiza wiki tatu kufika, na hatukuwa na mchezo wowote. Usiseme nilikuwa na werevu mkubwa. Nilikaa na daftari siku mbili nikiandika maneno, na kila neno nililisikia kwa masikio ya shefu, nikalifuta. Siku ya tatu daftari lilikuwa jeupe. Nikalitazama vile lilivyo, na wazo likanijia jinsi usingizi unavyokuja, bila kubisha hodi: anataka kusoma maneno yote, basi tumpe hayo yote.

Niliwakusanya wenzangu wanane chini ya mjakaranda wa shule, nikawaambia tutaigiza mulongo. Tutasimama na ndoo. Hakuna atakayesema kitu.

"Sasa bantu wataangalia nini?" akauliza mmoja, mrefu kuliko sote, ambaye daima alicheza mfalme.

"Watatuangalia."

"Hii si mchezo. Hii tunafanyaka kila asubuhi bule."

Wengine wakacheka. Nikakasirika, nikapandisha sauti, nikamwambia kama hataki arudishe taji. Alirudisha taji, akaondoka, na mmoja akamfuata. Rafiki yangu wa Kasai hakuwahi kupandisha sauti. Jioni ile nilikwenda kwa yule mrefu, nikamkuta anatwanga, nikakaa chini nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Akaendelea kutwanga. Mwishowe akasema, bila kuniangalia, kwamba kama ni mulongo, basi sisi hatujui kuupanga. Tunasimama kama askari, na mtu aliyengoja saa mbili hasimami hivyo.

Alisema kweli, na kesho yake akarudi pamoja na yule aliyemfuata. Kwa hiyo tulianza kutazama. Kila alfajiri tulipokwenda kuchota tulijifunza: namna mama anavyosukuma ndoo kwa kidole cha mguu bila kuinama, namna mtoto anavyohamishwa kutoka bega hadi bega akiwa usingizini, namna watu wanavyonyoosha shingo zote pamoja maji yanapobadilisha sauti. Niligundua kwamba sikuwa nimewahi kuutazama mulongo huo niliouishi. Yule mrefu alijua zaidi kuliko mimi, nikamwachia mazoezi, nami nikashika kazi ya kupanga viti na kumwomba padri ukumbi. Hapo ndipo kikundi kikaanza kwenda.

Shefu alituma mjumbe kuchukua maneno ya mchezo. Nilimpa karatasi yenye kichwa cha habari na majina yetu tisa. Mjumbe aligeuza nyuma, akaona hakuna kitu, akaenda. Hatukupata jibu.

Baba ndiye aliyetengeneza robine ya jukwaani. Alikuja nayo kutoka kazini ndani ya mfuko, kipande cha bomba chenye kutu na koki ya shaba, akakipigilia kwenye ubao. Aliipaka mafuta koki mpaka ikazunguka bila kelele, kisha akaifuta mafuta tena.

"Ya kweli inalia," akasema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mchana wa saa tisa. Mabati yaligongagonga kwa joto. Shefu aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, na Mamere pembeni yake. Pazia likafunguliwa, tukaonekana tisa na ndoo zetu, robine mbele, mimi mkiani.

Mwanzoni walicheka. Walimcheka yule mrefu aliposukuma ndoo kwa kidole cha mguu, kwa kuwa kila mtu alimjua mama anayefanya vile. Walicheka tena aliyekuwa mbele alipofungua koki ikalia, akangoja, akaifunga. Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Tulisimama. Tulisogea hatua moja. Tukasimama. Nilisikia mtoto akinyonya mahali fulani ndani ya ukumbi. Sijui tulikaa muda gani hivyo. Katika kumbukumbu yangu ni alasiri nzima, na mwanga wa madirisha ulihama kutoka ukuta huu hadi ule.

Ndipo kikongwe mmoja akanyanyuka. Tulimwita kambo, kama tunavyowaita mabibi wote, alikuwa mama wa jirani yetu, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Labda alikuwa amesinzia. Alipapasa njia kati ya viti, akapanda ngazi mbili za jukwaa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetafuta mkia wa mulongo:

"Mwisho njo nani?"

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumekubaliana kutosema hata neno moja, lakini mtu haachi swali la kambo likae hewani.

"Ni minye, kambo," nikasema.

"Aya," akasema. Akasimama nyuma yangu, akaweka mkono begani pangu, mkavu, mwepesi, na nikahisi uzito wake wote ukiniegemea kidogokidogo kadiri alivyochoka.

Mkwewe alimfuata kumchukua, ila alipofika juu hakumchukua. Alisimama nyuma yake. Kisha mama yule mwenye mimba. Kisha mama yangu mwenyewe, aliyekuwa amenikataza nisimtie aibu. Viti vilikwaruza sakafu. Mulongo ulishuka jukwaani, ukapita ukutani, ukazunguka ukumbi, na wanaume nao wakanyanyuka kwa sababu kubaki umeketi kulikuwa kugumu kuliko kusimama. Shefu alibaki kitini. Mamere alibaki pia, lakini alikuwa amevua miwani.

Tatizo ni kwamba hatukuwa na mwisho. Tulikuwa tumepanga kufunga pazia, na sasa watu walisimama mbele ya pazia. Yule mrefu alinigeukia kwa macho: fanya kitu. Nikamshika kambo mkono, nikaenda naye mpaka kwenye robine, nikafungua koki, ikalia, nikaifunga, nikatoka naye kwa mlango wa pembeni. Watu wote wakafuata mmojammoja, kila mmoja akifungua koki na kuifunga. Nje jua lilitupiga usoni. Tulijikuta uwanjani tumesimama tu, kama watu waliotoka katika ndoto moja, hadi kina mama wakaanza kuongea na siku ikarudi kuwa Jumapili.

Shefu alitoka wa mwisho kabisa. Alikuja hadi niliposimama, akanitazama.

"Ulisema hii mchezo haina maneno."

"Haikuwa nayo, bwana shefu."

"Kambo alisema."

"Kambo hakuwa mu mchezo."

Nadhani midomo yake ilitaka kucheka ikajizuia. Akavaa kofia, akaenda zake, na hakutuita tena.

Wiki mbili baadaye walikuja vibarua na sururu, wakachimba barabara yetu tangu relini hadi sokoni, wakatoa mabomba yaliyooza na kuweka mapya. Robine zote zilitoa maji siku moja, kina mama wakapiga vigelegele. Wengi walisema ni mchezo wetu. Baba alisema hapana, bomba likioza limeoza, na huenda amri ya kulibadilisha ilikuwa mezani kwa mtu tangu zamani. Mvua pia zilikuwa zimeanza. Mimi sijawahi kupata ukweli wake, na kwa miaka mingi nilitamani kuwa na hakika. Sasa sitamani tena.

Barua moja ilinifikia kutoka Kasai wakati huo, imefunguliwa na kugundishwa tena njiani. Rafiki yangu alikuwa akifundisha watoto nyimbo katika shule ya nyasi. Aliuliza kama ndevu ziko salama. Nilimjibu kurasa sita. Sijui kama zilifika.

Mwanzoni mwa mwaka ndege zilipita chini juu ya mji, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wakaingia. Tulikaa ndani tena. Shule ilifungwa majuma kadhaa, bendera ikashushwa, na nchi tuliyokuwa tumefundishwa wimbo wake ikawa haipo, kimyakimya, kama mgeni aliyeondoka wakati wenyeji wamelala. Baadhi ya watu walilia, baadhi walifurahi. Baba alikwenda kazini.

Shule ilipofunguliwa, Mamere aliniita akanipa karatasi kubwa, mpya, nyeupe, na kusema tu kwamba ubao wa kanisa umekaa wazi muda mrefu mno. Hakutaka tena kusoma kwanza. Alinishauri nisiandike peke yangu. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri tuliketi wanne kwenye baraza ya parokia, mimi na yule mrefu na wengine wawili, na watu walikuja kutuletea habari. Mmoja alipoteza mbuzi mwenye doa jeupe. Mmoja alitaka ijulikane kwamba samaki wa mto Lufira wamerudi sokoni. Mzee mmoja alileta malalamiko juu ya taa za barabarani: umeme unazalishwa palepale kwenye bwawa la Koni, karibu na pua zetu, na mtaa wake uko gizani. Tuliandika yote, na kwa ile habari ya taa tulikwenda kwanza kuhesabu nguzo.

Jumamosi moja alikuja mama kijana, mgeni kwetu, aliyehamia kutoka upande wa Kapolowe. Alisimama pembeni muda mrefu. Nikamuuliza ana habari gani.

"Si kitu kubwa," akasema. "Mutoto yangu ametembea."

"Lini?"

"Jana. Toka mulango mpaka ku jiko. Hapa sina ndugu wa kuambia."

Nilichovya kalamu. Nikamuuliza zilikuwa hatua ngapi. Alifumba macho ahesabu, midomo ikicheza, nasi wanne tukangoja.

"Sita," akasema. "Ya saba alianguka."

Nikaandika sita.